Plagi za Ndege Uani Kwetu

Jumatatu, 4 Agosti

Plagi mbili hazipo. Jana nilizihesabu mwenyewe, nikazifunika. Baba yuko chini ya injini toka asubuhi, grisi mpaka kwenye viwiko, hataki kusumbuliwa. Ilikuwa ya ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, tukainunua kama chuma chakavu. Baba katengeneza ndege mpaka akastaafu, anajua kuifufua. Itafungwa kwenye boti ya mshirika wangu Chande huko Rufiji, pangaboi juu, iisukume kwa upepo. Pangaboi la majini linakwama kwenye tope.

Nimeachia fremu yangu ya kuuzia vitenge kwa ajili ya boti hii. Isipowaka, sina pa kurudi.

Na mgeni anayeingia uani ni Chande tu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimezunguka maduka yote ya vipuri pale Gerezani. Plagi za ndege hazifanani na za gari, wauzaji wananicheka. Narudi mikono mitupu, namkuta Chande anakunywa chai yangu, anapiga stori na Baba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 8 Agosti

Baba kaniambia kabla ya kwenda msikitini: yule Chande, mwangalie mikono. Kumbe hata yeye kaona.

Jumapili, 10 Agosti

Sasa ni magneto, kile kidude kinachozipa plagi cheche. Jana ilikuwepo. Nimempekua Chande begi mbele ya majirani. Hamna kitu. Hakugomba. Kasema, "Dada, boti ni yangu. Nijiibie?" Kaondoka, chai kaiacha nusu.

Sijuti. Mwizi mzoefu hatembei na begi.

Jumatano, 13 Agosti

Mama Zulfa wa jirani ana hitima, kaja kuazima sufuria la pilau la marehemu Mama. Tumelishusha kutoka juu ya kabati, kitu kikagonga ndani. Plagi mbili na magneto, zimefungwa ndani ya msuli wa Baba. Mama Zulfa kajifanya haoni.

Nina hasira. Baba. Baba yangu mwenyewe.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemuuliza. Kajifuta grisi mikononi. Halafu: "Ikiwaka, mtaipakia kwenye fuso. Mimi nitakaa hapa uani na nani?"

Nilikuwa nimepanga maneno makali. Sikuyasema hata moja.

Jioni nimemfuata Chande kwake Jangwani, nimemweleza yote, nimemwomba radhi. Aibu nimeiona. Kanitazama, kasema yamekwisha, ila nimpe ile nusu ya chai aliyoiacha.

Jumamosi, 23 Agosti

Imewaka. Mtaa mzima umetoka kutazama, kuku wa Mama Zulfa hawajulikani walipo. Baba katokwa na machozi, anasingizia moshi. Fuso inakuja kesho kutwa.

Jumapili, 24 Agosti

Baba hajala. Kakaa kwenye kigoda chake, anaifuta injini ambayo haina vumbi.

Nimempigia Chande, nimemweleza. Kasema, "Wiki moja tu, dada. Fuso nitaiahirisha. Kitu kikipotea tena, mwambie mzee ni mimi."

Baba alipokwenda kuswali adhuhuri nimefungua plagi moja, nikaitia kwenye sufuria la Mama.

Karudi, kaiona nafasi yake iko wazi. Kainama, kapapasa kwa kidole. Hakunitazama.

"Si nilikuambia, yule Chande."

Nikasema ndiyo, Baba. Kavaa miwani, kaomba spana, na kaulizia chakula.