Upepo Wao, Kiharusi Changu

Kasulu, Jumatatu, Novemba 2014. Manyunyu tangu alfajiri, na mimi nina hasira.

Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja nikiwa kwenye kitanda cha hospitali. Wakwe zangu wako nje wananisubiri nitoke. Wasubiri.

Asubuhi Mama Yusta wa Titye alikuja dukani kwangu kutafuta kitenge. Akanisalimu, mwakeye, akainama kidogo huku akipiga makofi taratibu, maana kwetu Buha salamu ya heshima haiishii mdomoni. Nami nikataka kumpigia. Mkono wa kulia ulikuja, wa kushoto ukabaki mapajani. Nikajaribu kuitika, ulimi mzito kama wa mlevi. Alidhani namfanyia maringo ya mjini, mpaka akauona mdomo wangu umekwenda upande.

Kabla chai yangu haijapoa, kila kitu kilikuwa kimerudi sawa. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Shemeji Rajabu, kaka mkubwa wa mume wangu, alifika naye dukani, akasema ni upepo tu, umeshapita, nipelekwe Kasanda kwa mganga wake nikafukizwe. Hospitali hapana, kwa sababu aliyepigwa na upepo akichomwa sindano hufa. Hayo tumeyasikia tangu utotoni, na sitasema uongo, niliogopa. Mume wangu akamwitikia kaka yake kwa kichwa. Hilo liliniuma sana.

Nikafunga duka, nikapanda bodaboda, Mama Yusta nyuma yangu amenishika kiuno.

Daktari hakuzungusha maneno. Presha iko juu, na kilichonipata ni kiharusi kidogo. Mdomo kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito: hata vikiondoka vyenyewe, mtu akimbie hospitali saa ile ile, kwa sababu kikubwa chaweza kuwa njiani.

Walipokuja kuchukua damu nilinyoosha mkono mwenyewe, nikafumba macho.

Sikufa.

Jioni shemeji aliingia wodini, akasema gari la kwenda Kasanda liko tayari. Nikamjibu, “Shemeji, nenda wewe ukafukizwe. Mimi sijamaliza kuishi.”

Akatoka amenuna. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, nami nilijua atamfuata kaka yake kama kawaida. Akavuta kiti, akakaa.

Bado sijamsamehe. Lakini kesho wakiingia kunitoa hapa, watatukuta wawili.