Herufi Mbili za Shangazi

Alhamisi, 3 Novemba 2022

Mawingu leo! Mvua bado, lakini Kizwite nzima inaangalia juu. Hata wateja – nawapima kiuno, wao shingo juu wanatazama angani. Nimeshona vizuri. Cherehani haijaniudhi hata mara moja.

Mchana kaja shangazi Tereza kutoka Kasense, kwa miguu, maharage kwenye kikapu. Shikamoo shangazi. Marahaba, kaka! Ndivyo anavyoniita tangu niko mdogo – kaka – nimeshazoea. Nimempikia ugali wa ulezi na mboga. Kala, kamaliza, kasema chumvi imezidi. Huyo ndiye shangazi.

Kilichomleta ni mbolea. Mwaka huu mbolea ya ruzuku huipati bila namba ya mkulima, na namba inakuja kwa simu. Yeye simu hana na hataki, anasema mwenye shida naye atafika Kasense. Basi mwenyekiti wao wa mtaa akaandikisha simu yangu. Kwa hiyo shamba liko Kasense, simu iko Kizwite, na mkulima yuko jikoni kwangu anakosoa chumvi. Mambo ya kisasa hayo.

Bila mbolea ya kupandia, shamba lile haliwezi kumfikisha mavuno mengine. Tangu afiwe na mume wake hajawahi kununua unga dukani, na anajisifia hilo kuliko kitu chochote. Na gunia langu la kila mwaka linatoka hapo hapo, nisijifanye.

Jumamosi, 5 Novemba

Ujumbe umeingia! Nilikuwa naweka zipu kwenye sketi ya watu, nikaiacha inaning'inia, nikapanda bodaboda hadi Kasense kumsomea. Nikasoma kwa sauti kama nasoma somo kanisani: Ndugu Tereza Sikazwe, umesajiliwa –

Shangazi akaniuliza, nani?

Nikarudia. Tereza Sikazwe.

Akasema, huyo mwanaume ni nani?

Jamani! Nimecheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. Yeye hakucheka.

Ni hivi. Kwetu Wamambwe, baba akiwa Sikazwe, mwanawe wa kiume ni Sikazwe na wa kike ni Nakazwe. Si ya wanaume, Na ya wanawake, ukoo ule ule. Shangazi ni Nakazwe, amebatizwa Nakazwe, ameolewa Nakazwe. Lakini siku ya kuandikishwa kitambulisho, miaka ile, karani alimuuliza: jina la baba? Akajibu ukweli – Sikazwe. Karani akalipachika hilo hilo mwishoni mwa jina lake. Kadi mpaka leo hajaiona, alipewa namba tu, na kwenye namba hakuna Si wala Na. Leo ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina aliloandikwa.

Mimi pia, mwanamke mzima, ni Sikazwe, lakini yangu ni ya shule. Mwalimu wa darasa la kwanza hakutaka kabisa habari za Na. Baba yako Sikazwe, wewe Sikazwe, kaa chini! Nikakaa. Ndiyo maana naitwa kaka.

Jumatatu, 7 Novemba

Kwa wakala wa mbolea, mjini. Foleni ndefu ila ya furaha, watu wanataniana tu. Tulipofika dirishani dada wa pale akaingiza namba, akatazama orodha ya mtaa, akatikisa kichwa. Kwenye kitambulisho Sikazwe, kwenye orodha ya mtaa Nakazwe. Hayalingani, mama yangu. Mfumo unakataa.

Mfumo! Watu wanautaja siku hizi kama mama mkwe. Umekataa, umelala, umeamka vibaya.

Tukaenda kwa mwenyekiti, mzee Wilibrodi. Mtu mwema. Kasema hii kazi ndogo, anabadilisha kwenye orodha yake ya mtaa, Na inakuwa Si, kesho mnabeba mbolea. Akatoa na kalamu mfukoni.

Shangazi akaweka kiganja juu ya karatasi. Kasema, "Sikazwe ni baba yangu. Amelala makaburini Matai. Mnataka yeye ndiye aje kulima?"

Mzee akasema, mama, ni herufi mbili tu.

"Kama ni mbili tu, wasahihishe wao."

Niliona aibu! Mzee wa watu kashika kalamu hewani. Njiani nikawa nacheka peke yangu, watu wakanitazama.

Jumatano, 9 Novemba

Ofisi ya vitambulisho. Mtandao hakuna.

Afisa anaitwa Obed, mpole, macho mekundu kwa kutazama kompyuta. Ametuambia mtandao unasumbua, subirini mama zangu. Tukasubiri kwenye benchi nje, upepo unapuliza, mimi na karanga zangu. Shangazi akaanza kumweleza jirani yake habari ya yule mwanaume aliyeandikwa badala yake. Kumbe jirani, mama mmoja kutoka Izia anayeitwa Herieth, ni Nachalwe, na yeye ameandikwa Sichalwe! Kaja kwa shida hiyo hiyo. Mwingine huko mwisho wa benchi akanyanyua mkono: na mimi! Mnyamwanga, wao nao wana Si na Na kama sisi.

Basi ikawa vurugu. Shangazi akasimama akawasalimia, bwana Sichalwe hujambo, wake zako hawajambo? Herieth akaifanya sauti nzito, akajibu kiume. Watu wa foleni wakashika mbavu. Obed katoa kichwa dirishani kuona kuna nini, alipoelezwa akacheka mpaka akavua miwani. Halafu kasema kumbe, kumbe – yeye kwao ni mbali, alidhani kila siku wanawake wanakosea majina ya baba zao.

Mtandao haukurudi. Lakini nimeipenda siku hii, sijui kwa nini.

Jumapili, 13 Novemba

Mvua! Ilianza wakati wa matoleo, bati la kanisa likapiga kelele, padre akanyamaza akatabasamu. Kwaya ikaimba juu ya mvua. Nimerudi nimelowa chapachapa na furaha ya kijinga.

Halafu nikakumbuka mbolea.

Jumatatu, 14 Novemba

Tumegombana.

Kasense yote inapanda. Nimefika shangazi ameegemea jembe, ameshalima vizuri, matuta yamenyooka, na hana cha kuweka kwenye mashimo. Mtandao bado. Nikamwambia aende tu kwa mzee Wilibrodi, akubali hiyo Si. Kasema hapana. Nikapandisha sauti – Mungu anisamehe, kwa shangazi yangu! – nikamwambia mahindi hayasomi jina! Mbona mimi ni Sikazwe maisha yangu yote na sijafa?

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema, wewe uliandikwa ukiwa mtoto, nani alikuuliza? Mimi wananiuliza nikiwa mtu mzima na meno yangu mengine yamebaki. Ninyamaze?

Nikashika jembe nikamsaidia kufukua magugu ya pembeni mpaka jioni. Wakati wa kuondoka akanipa mayai. Kaniambia, kaka, pita salama.

Nimeyabeba mayai njia nzima nikiwa na hasira. Halijavunjika hata moja.

Jumatano, 16 Novemba

Ndalahwa, yule jirani yake Msukuma mwenye ng'ombe, amemletea samadi kwa mkokoteni. Hajataka kitu. Shangazi ndiye aliyemzalisha mke wake usiku wa masika, gari halikupita. Amesema nyumbani kwake Tereza ni Tereza, haulizwi namba.

Samadi imetosha upande wa mtoni. Upande wa barabarani bado mtupu, na huo ndio mkubwa. Jua likikaza wiki moja tu, basi tena.

Shangazi mwenyewe anaimba anapanda. Mimi ndiye nisiyelala.

Ijumaa, 18 Novemba

Naandika ofisini kwa Obed, nyuma ya karatasi ya vipimo vya wateja, nitaibandika kwenye daftari baadaye. Lazima niandike sasa hivi.

Mtandao umerudi asubuhi! Obed alimtuma mtu kunifuata dukani, nikafunga, nikamfuata shangazi kwa bodaboda, tukarudi tumebanana. Kaitwa wa kwanza. Na Obed hakuuliza jina la baba. Kamtazama, kauliza polepole: mama, wewe unaitwa nani?

Shangazi kasimama kabisa kutoka kwenye kiti.

"Tereza Nakazwe."

Obed akaandika, akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome. Nikasoma. Shangazi kasema soma tena. Nikasoma tena. Akaweka kidole kwenye mashine. Kikagoma, akakipangusa kwenye kitenge, akakibonyeza tena, kikakubali. Obed kasema hii ikienda tu anatoa karatasi ya uthibitisho, leo hii hii wakala anatoa mbolea. Akabonyeza. Kale kaduara kakaanza kuzunguka, kanazunguka, kanazunguka – umeme ukakatika!

Puu. Kioo cheusi. Ofisi nzima ikasema aaah kwa pamoja.

Hatujui kama imekwenda au haijakwenda. Obed katoka kwenda kuwasha jenereta. Lakini alipofika mlangoni akanigeukia. Na wewe mama? Ukoo ni huo huo. Nikikaa tena pale, nikuache na Si yako, au vipi?

Nikaanza kuhesabu moyoni. Cheti cha shule, Si. Leseni ya duka, Si. Benki, Si. Hati ya kiwanja. Nikibadilisha moja ni kubadilisha yote, ofisi baada ya ofisi, mabenchi yale yale, mtandao ule ule. Usumbufu mtupu! Na wa nini, kwa umri huu? Nikamwambia, mwanangu, wewe hangaika na shangazi kwanza, mimi niko sawa.

Shangazi alikuwa anaangalia kioo cheusi. Hakunigeukia. Akamwambia Obed, usimharakishe. Muulize vizuri. Huyu hajawahi kuulizwa.

Obed katoka. Tumekaa wawili. Nje anavuta kamba ya jenereta, inakohoa, inazima. Anavuta tena. Shangazi ameshika mkono wangu juu ya meza.

Imewaka! Kompyuta inajiwasha taratibu, ya shangazi bado haijulikani. Obed amerudi, anapangusa mikono, amekaa. Ananitazama mimi, siyo shangazi.

Anataka kidole. Changu kina chaki ya kushonea, ya bluu, hakitasomeka hivi. Shangazi amenipa ncha ya kitenge chake nifute.