Ng'ombe Sita kwenye Fomu ya Rebeka

Hoza, rafiki yangu,

Nimekukasirikia, ndiyo maana naandika. Kulia nilishalia siku tuliyokuzika Mlalo, mvua ikinyesha na mchungaji akihubiri mahubiri marefu ambayo wewe ungeyakatisha kwa kukohoa. Leo nina jambo la kukueleza, na kwa kuwa safari hii huwezi kunijibu, utasikiliza mpaka mwisho.

Rebeka amepata nafasi ya chuo kikuu, Dar es Salaam. Ndiyo, Rebeka wangu, yule uliyemwita Wakili kwa sababu hakukubali kushindwa neno tangu ana meno ya utoto. Barua tuliisoma mara nne, mara ya mwisho kwa ajili ya mama yangu tu, ambaye hajui Kiingereza lakini alitaka kusikia jina la mjukuu wake likitamkwa. Furaha ilidumu mpaka ukurasa wa pili. Karo, malazi na vitabu alipe mzazi, na asiyeweza aombe msaada wa masomo kwa kamati ya wilaya. Muhula ukianza hujalipa wala hujasaidiwa, nafasi anapewa mwingine.

Ikaja fomu.

Unanijua mimi na karatasi za serikali. Enzi za Mwingereza nilizipinga zile za kutulazimisha kulima matuta mpaka nikalala mahabusu, na wewe ukaniletea viazi vya kuchemsha na kuniambia nipunguze sauti. Sasa tuna Uhuru, serikali ni yetu, nikadhani na fomu zitakuwa zetu. Wapi! Hii imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kulala nyumba moja na ng'ombe.

Tulikaa mezani wote: mimi na kalamu, mke wangu, mama na Rebeka. Watoto wangapi? Nikaandika wanne. Mama akaniuliza, "Na wale watatu wa marehemu kaka yako wanaolala chumba cha nyuma, ni wa jirani?" Nikafuta, nikaandika saba. Rebeka akasema, kwa upole, kwamba fomu inataka watoto wa kuzaa. Mama akamjibu, "Basi fomu haina adabu."

Tulicheka. Kisha nikafika kwenye swali la mifugo, na kicheko kikaisha. Ng'ombe wangapi wamo katika zizi lako?

Sita, Hoza. Wako wote.

Nakumbuka asubuhi ile ya ukungu ulipowaleta wawili wa kwanza kwa njia ya msituni, ukihema. Baba yako alikuwa amekufa, na ndugu zako walikuwa wamegawana hata mlango wa ghala. Ukaniambia, "Maziwa na samadi ni vyako. Wakizaa, ndama ni wangu. Watu wakiuliza, hujui. Hata mke wangu hajui." Nikakubali bila kuuliza, kama watu wa milima hii walivyokubaliana tangu zamani. Nusu ya ng'ombe wa Usambara wanalala kwa wasio wenyewe, na mtu mwenye heshima zake haulizi.

Sasa fomu ikauliza. Nikisema ni wangu, mimi ni tajiri na Rebeka hapati kitu. Nikisema sina, nimesema uongo, na zizi linanuka kila mpita njia anasikia. Nikikutaja, ndugu zako watapata habari na kuwachukua wote kutoka kwa mjane wako. Nikaandika "sita", nikaweka kalamu chini, bila maelezo.

Mke wangu akanitazama. "Kwa hiyo mtoto akose chuo kwa sababu ya ng'ombe wa marehemu?"

Nilifoka. Nilisema mengi juu ya ahadi na uaminifu. Rebeka alivuta fomu, akaandika chini ya namba yangu kwa herufi ndogo: *Tunachopata ni maziwa na samadi tu.*

Kamati ilituita Lushoto. Wazee watano, wote Washambaa, na afisa mmoja kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka kanda ya Ziwa, ambako mtu mwenye ng'ombe hujulikana kwa ng'ombe wake. Aliamkia vizuri, kisha akasema, "Mzee, mwenye ng'ombe sita anaomba nini hapa? Nje pale kuna watu hawana hata kuku."

"Si wangu."

"Ni wa nani?"

Ungeona wazee walivyotafuta pa kutazama. Mmoja alianza kufuta miwani. Mwingine akagundua dirisha. Nami nikasimama. "Mwenyekiti," nikasema, "wa kwako wamelala zizi la nani leo? Nawe Mzee Shemdoe, mbona nyumba yako ina samadi na huna ng'ombe hata mmoja kwenye daftari la kodi?" Nikaendelea hapo, nikaeleza kwamba taifa huru haliwezi kumnyima binti elimu kwa kutumia swali ambalo wajumbe wenyewe hawathubutu kulijibu. Ilikuwa hotuba nzuri, Hoza. Sijawahi kusema vizuri hivyo.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. "Hotuba nzuri, mzee. Mwenye ng'ombe aje mwenyewe Ijumaa. Asipokuja, tunafunga faili."

Nikarudi nyumbani na msimamo wangu. Nakiri kwako peke yako: niliona fahari. Nilijiona mtu wa mwisho mwaminifu katika wilaya nzima, na nilikuwa tayari Rebeka alipe gharama ya fahari hiyo. Mke wangu hakugombana tena. Kesho yake alisema wanakwenda Mlalo, yeye na Rebeka, kumpelekea mjane wako maharage. Nikawaambia wamsalimie. Hivyo ndivyo nilivyo na akili, mimi msomaji wa magazeti yote.

Ijumaa naingia kwenye chumba cha kamati, namkuta mjane wako, Mama Ruthi, ameshakaa kwenye benchi, kitenge kimelowa umande mpaka magotini.

"Shikamooni, wazee," akasema. "Ng'ombe ni wangu. Walikuwa wa marehemu mume wangu." Akawataja mmoja mmoja kwa rangi. Alimjua yule aliyevunjika pembe. Alimjua hata ndama aliyekufa mwaka wa njaa, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemsahau.

Afisa akamuuliza aliambiwa na nani. Mkeo alicheka. "Mwanangu, wewe bado hujaoa. Mume akirudi nyumbani na tope la njia ya Lushoto na harufu ya zizi la mwenzake, nani wa kuniambia tena?"

Wazee walicheka mpaka mwenye miwani akaivua. Msaada ulitiwa saini papo hapo. Malazi, vitabu, karo, vyote.

Nje nilimwambia, "Mama Ruthi, unajua shemeji zako watasikia leo hii." Akasema anajua. Nikamuuliza kwa nini basi. Akafunga kitenge chake upya, akajibu bila ukali wowote: "Ng'ombe wale hawakumsomesha wangu hata mmoja. Basi wamsaidie wa mwenzangu."

Hoza.

Ulikuwa na ng'ombe sita, na Ruthi, binti yenu, aliacha shule darasa la nne kwa sababu ulisema mkilipa ada watu watajua mna mali. Mimi nilifikiri huna. Hapana, huo ni uongo, na kwako sisemi uongo. Nilijua ulicho nacho, kilikuwa kinakojoa nyuma ya ukuta wa chumba changu. Niliandika gazetini juu ya elimu ya watoto wa kike, barua tatu, nikazikata na kuzihifadhi, na kila jioni nikaenda kufunga mlango wa zizi lile. Hatukumwogopa Mwingereza, mimi na wewe. Tuliwaogopa kaka zako.

Sasa wamekwisha kutuma watu. Wameitisha kikao cha ukoo Jumamosi, wanataka kugawana. Mkeo hajalia, wala hajaniomba kitu. Sihitaji kuombwa.

Tutaondoka Alhamisi, mimi na Rebeka, na ng'ombe wote sita. Njia ya msituni hatuipiti. Tutafuata barabara kuu, tutalala njiani kwa mtu ninayemfahamu, na Jumamosi tutakatiza katikati ya soko la Mlalo wakati limejaa, watu wahesabu wenyewe na wajue ni wa mjane wako. Tutawafunga kwa Mama Ruthi. Kisha nitakwenda kwenye kikao na kuomba nafasi ya kusema, nawe unajua nikipewa nafasi ya kusema sikai mapema. Salome, mdogo wake Ruthi, yuko darasa la tatu. Hatatolewa shuleni ili mtu yeyote aonekane maskini, awe hai au awe kaburini. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, uipende usiipende.

Kwaheri, rafiki yangu. Hasira imepungua kidogo. Pumzika, na ukisikia kelele Jumamosi, ni mimi.