Skola Alijibu Ndiyo

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Maboksi yale yale chini ya kitanda. Vidonge vya lishe, sabuni, dawa ya meno. Nimeyapangusa vumbi tena. Nimeuzunguka mtaa wetu wa Kashaulili wote, stendi mpaka sokoni. Hakuna aliyenunua. Wamenisalimia vizuri tu.

Jioni kaja fundi viatu wa pale karibu na msikiti. Anataka kujiunga na biashara, alipie maboksi yake ya kuuza, aingie chini yangu. Nikamuuliza maswali yangu kama kawaida. Hela hii ikipotea, nyumbani mtakula? Nani atanunua kwako, nitajie majina. Mkeo anajua? Alikwama kwenye la kwanza. Nikamwambia rudi kwenye viatu vyako, baba. Kaondoka amenuna. Shauri yake.

Ijumaa, 9 Oktoba

Festo kashuka na treni ya Tabora. Ndiye aliyeniingiza kwenye biashara hii mwaka jana, nilipopunguzwa kazi kule ushirika. Shati jeupe pee, viatu vinang'aa, sijui vumbi la Mpanda huwa anapishana nalo wapi.

Kanisema mbele za watu. Eti nafukuza wateja. "Dada Prisila, wewe mfanyabiashara au hakimu?" Mwisho wa mwezi niwe na mtu mpya, la sivyo nafasi yangu inafutwa na kamisheni yote inakwenda na maji. Kodi ya chumba inasubiri hiyo kamisheni. Namchukia Festo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba namhitaji.

Kuuliza siachi. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Ningeulizwa, cherehani niliyoiuza ili nijiunge ningekuwa nayo mpaka leo.

Jumapili, 18 Oktoba

Baada ya misa kanifuata Skola. Ni mama yake Yusta, yule mtoto niliyemsimamia ubatizo. Wazazi wake Skola walitoka Burundi, yeye ameolewa Mwamkulu, wanalima karanga na mahindi. Amesikia natafuta mtu. Amekuja kujiunga.

Nilimketisha kitandani, kiti sina. Nikamuuliza yote. Polepole. Nikarudia. Hela ikipotea mtakula? Ego, mama, tutakula. Ndiyo yao hiyo kwa Kirundi. Wa kununua wapo? Ego, akataja wanakwaya mmoja mmoja. Mumeo anajua? Ego. Macho chini, mikono mapajani, sauti ya upole. Nikasema huyu kafikiria. Hakuna aliyewahi kunijibu vizuri hivi.

Kalipa, nimemwandikisha. Kabeba maboksi yake kichwani.

Nimefurahi. Niandike hivyo hivyo, nimefurahi.

Jumamosi, 31 Oktoba

Nafasi imebaki. Mwenye nyumba kapata chake, kanyamaza. Nimekula nyama.

Jumanne, 10 Novemba

Mvua tangu Jumapili. Mji mtupu, watu wako mashambani wanapanda.

Sokoni nikakutana na Elia, mume wa Skola. Kavua kofia, kanisalimia, kisha kaniuliza kama namjua mtu mwenye kazi ya kibarua. Kibarua? Msimu wa kupanda huu? Nikambana mpaka akasema. Hawana cha kupanda. Skola aliuza karanga za mbegu, gunia zima, ndiyo hela aliyoniletea. Yeye Elia kaambiwa zikiwa zimeshaondoka. Hakugomba. Kasema, kwa mama wa ubatizo wa mtoto, angegombaje?

Nikaenda Mwamkulu kwa miguu, tope mpaka kwenye vigimbi. Maboksi nimeyakuta pembeni ya kitanda, hata moja halijafunguliwa. Hao wanakwaya hata sabuni ya mche wanaikata vipande wanagawana.

Nilimfokea. Sikuweza kujizuia. Nilikuuliza, Skola! Nikarudia! Kwa nini ulinidanganya?

Kanishangaa, kweli kabisa kanishangaa. "Mama, wewe ndiye uliyemshika mtoto wangu penye maji. Ukaniuliza tumeketi hivi. Nikujibu hapana, naanzia wapi?"

Loh. Yule fundi viatu alinijibu ukweli kwa sababu mimi si kitu kwake. Skola ananiheshimu, na heshima yake ndiyo niliyoiuzia vidonge. Maswali yangu niliyokuwa najivunia! Nimejiona mjinga, mtu mzima ovyo. Nimerudi mjini nimelowa, nimelala bila kuwasha moto.

Alhamisi, 12 Novemba

Nimempigia Festo simu pale posta. Nimemwomba kampuni ichukue maboksi ya Skola, irudishe hela. Nimemwomba kwa jina la Mungu. Kacheka. "Si alijibu maswali yako mwenyewe, dada? Si ndiyo uhakika uliokuwa unautaka?" Kampuni hairudishi. Nikamtolea uvivu, nikamtukana, nikamwambia nimejitoa, nafasi ampe amtakaye. Watu kwenye foleni wamenigeukia. Simu ikakatika, sijui hata kama alisikia.

Nimeuza redio na vitenge. Nikazunguka soko zima kutafuta mbegu. Sasa hivi hazipatikani, na karanga zilizopo ni za kukaanga, zimebanguliwa na kuvunjikavunjika. Nimepata debe tu la mbegu. Elia kalipokea kwa mikono miwili. Kanishukuru. Afadhali angenipiga.

Jumamosi, 14 Novemba

Mwenye nyumba kagonga. Sikufungua.

Jumatatu, 23 Novemba

Nimeshinda Mwamkulu. Karanga za lile debe zimeota kona moja ya shamba. Kwingine kote ni majani. Majirani wameshaanza palizi, hata mtu akipata mbegu leo amechelewa. Elia hakuwepo, kaenda kulima kwa watu. Nimeng'oa majani na Skola mpaka mvua ikatuingiza ndani. Bado ananiita mama.

Kapika ugali mdogo na mlenda. Watoto wakakaa kuzunguka sufuria, Yusta kanishika kanga. Skola kaniuliza, mama, umekula?

Tangu jana sijatia kitu mdomoni.

Nikasema nimekula. Nimekula kabisa, nimeshiba.

Kaniangalia kidogo. Kasema haya, mama. Kawagawia watoto. Nikakaa mlangoni mpaka mvua ikapungua, nikarudi mjini.