Siku Ambayo Dido Angeirudia

Jumapili, 8 Juni
Na bado sijamaliza kuisifu filamu ile. Leo, Mama Neema wa jirani akinisuka, nilimweleza tena yote kana kwamba jana sikumweleza. Kijana wa mashine ya kusaga ana kiti cha babu yake. Akikikalia, anarudi siku aliyomwona mpenzi wake mara ya kwanza. Siku ile alikuwa mweupe kwa unga, akampigia chafya usoni. Aibu. Basi anarudi ameoga, amevaa koti, ananukia. Msichana anapita tu. Anarudi mara saba. Mara ya nane anajimwagia unga mwenyewe. Hapo nililia huku nacheka.

Mama Neema akasema, "Weye uko na mapendo ya mwezi wa kwanza. Ngoja mutoto alie."

Jioni naitazama tena na Dido. Mume wangu. Napenda kuliandika: mume wangu.

Jumatatu, 9 Juni
Tumeitazama. Dido alicheka kwenye chafya. Nikamuuliza, yeye angerudi siku gani. Jibu nililijua: siku ya ndoa, au siku ile ya mvua aliponibebea vitabu.

Akasema, "Siku moja kule kwetu Fataki. Mbele nikujue."

Kabla yangu. Nimeumia.

Jumanne, 10 Juni
Sikuongea naye. Chai nilimpa bila sukari. Wiki tatu za ndoa, na tayari anatamani siku ambazo simo. Labda kulikuwa na msichana. Filamu nzuri vile, imeniharibia nyumba.

Alikunywa chai yote, hakuuliza sukari. Hiyo iliniuma zaidi.

Jumatano, 11 Juni
Nimeuliza. Ni nani huyo wa Fataki?

Akanitazama sana. "Ni mama."

Kwao mama mkwe ndiye anayemwekea mke mpya mawe matatu ya jiko, kwa mikono yake. Ndipo mke anahesabiwa wa nyumba. Siku ile mama alimwekea mke wa kaka yake Dido. Maharagwe yaliiva, ua ulijaa watu, mama akacheza mpaka kitambaa kikaanguka. Baadaye walikimbia vita. Ua haupo tena. Mama yuko Komanda kwa dada yake. Siku ya ndoa yetu alikuwa mgonjwa, hakufika. Mimi napikia mbabula, jiko la makaa tulilonunua sokoni, na hakuna aliyeniwekea kitu.

Dido angerudi pale akinishika mkono, ili mama aniwekee na mimi.

Mimi na wivu wangu. Nimeona haya. Nimempikia sombe ya majani ya muhogo, nikamwomba msamaha.

Jumamosi, 14 Juni
Dido alimpigia mama simu. Amepona, anatembea mpaka sokoni. Nikapewa simu, nikamsimulia filamu. Akasikiliza yote. Akauliza kama kijana alioa mwishowe. Nikasema ndiyo.

"Basi mukuje, binti. Mawe iko mingi huku."

Mvua ndogo inanyesha. Dido amelala. Nimekunja kitenge cha mama, kile cha ndoa tulichomwekea. Tutakipeleka Komanda sisi wenyewe, kabla mwezi huu haujaisha.