Mjomba Aliyenyamaza

Joubert Park, Johannesburg
2017

Kwako Yaya Faida, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini goti linakuruhusu sasa kupanda mlima wa Kadutu huko kwetu Kongo bila kupumzika kila kona. Mimi mzima, ila tumbo limenitangulia, na mashati ninayojishonea siku hizi yanakula kitambaa cha watu wawili.

Kwenye simu umesikia kwamba posa ya mwanao Neema, tunayeishi naye huku, imekubaliwa. Hukusikia jinsi nilivyokaribia kuiharibu, na afadhali uisikie kwangu, maana Neema huongeza chumvi.

Wiki mbili kabla ya wageni kuja, moyo ulianza kunidunda nikiwa kwenye cherehani. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Asiposema, binti hatoki. Na wewe unanijua, mimi niliyejificha nyuma ya pazia siku ya kipaimara changu mwenyewe. Nikaenda kliniki. Daktari, dada mpole, alinisomea maswali kutoka kwenye karatasi. Unaogopa kusema mbele ya watu? Ndiyo. Unakwepa macho ya wageni? Ndiyo. Unakwepa sherehe? Nikasema inategemea chakula. Hakucheka. Akaniandikia jina la ugonjwa, refu kama mkia wa gauni la harusi, pamoja na vidonge.

Nimeliwaza sana jina lile. Marehemu baba alimaliza kila harusi akiwa jikoni na wapishi, na hakuna aliyemwita mgonjwa. Tulisema tu ndivyo alivyo. Sikatai, wapo wanaoumwa kweli, hata mlangoni hawatoki. Lakini mimi kila asubuhi namzungushia tepu kiunoni mtu nisiyemjua na kumwambia amenenepa. Ni ugonjwa gani huo unaopona nikishika tepu? Vidonge nikaviweka kabatini, nikapanga kumrudia daktari baada ya posa tuzungumze vizuri.

Jumamosi wakaja. Kijana ni Mkenya, mfanyakazi wa benki. Baba yake, Mzee Mutiso, alisafiri kutoka Machakos. Lifti yetu ilikuwa imekufa, wakapanda ghorofa saba na mablanketi yao ya posa. Mzee akavuta pumzi, akaeleza walichofuata, akanigeukia. Nikaangalia viatu vyake.

Nikanyamaza. Wakanong'onezana, msemaji wao akaongeza suti ya mjomba. Nikanyamaza. Akaongeza mbuzi. Yaya, walidhani ni ujanja.

"Huyu mjomba ni mgumu," shangazi yao mmoja akasema. "Wakongo si mchezo."

Mke wangu akanifinya paja. Mzee akachukua kofia yake.

"Basi," akasema taratibu, "mjomba ametukataa. Hatutalazimisha mtu. Twendeni."

Jikoni Neema akaanza kulia, na si kile kilio cha adabu cha bibi harusi. Kilikuwa kilio chenyewe.

Mzee alipoinua mikono kuvaa koti, nikaona kitu. Nikatoa tepu mfukoni.

"Mzee, koti hili nani alikushonea? Bega lako la kushoto limeshuka, naye amelikata sawa na la kulia."

Akaliangalia bega lake. "Miaka yote naambiwa ni mimi ninayesimama vibaya."

"Si wewe. Ni fundi."

Akakaa tena. Nikampima, na maneno yakaja yenyewe: Neema ni nani, wewe Yaya ni nani, jinsi ulivyomlea peke yako. Nikasema sijamkataa mtu, naogopa wageni tu, na huyo mbuzi wamrudishe.

"Mbuzi abaki," mke wangu akasema.

Vipimo vya Mzee niliviandika nyuma ya karatasi ya daktari, maana nyingine sikuwa nayo. Sasa imebandikwa juu ya cherehani, vipimo vinanitazama mimi, jina la ugonjwa linatazama ukuta. Nikimrudia daktari itabidi aniandikie upya jina lile, kama bado ataona linanifaa.

Msalimie shangazi muuza mkaa, na binamu yetu katekista. Mwambie yale maombi yake ya kuniletea ujasiri yalifika, ila yalipanda kwa ngazi. Wewe anza kulizoeza goti. Siku ya harusi mama wa binti hakai jikoni, na mjomba ameapa kukaa naye mbele.

Ni mimi mdogo wako,
Bahati, fundi wa makoti