Simeon, Siku Ulipokwenda Kurudisha Koti

Mwalimu Simeon Wanyoike, Turbo. Alituacha Machi 1971.

Mwaka mzima umeisha, mwanangu, tangu wakutoe kwenye mto Sosiani. Ninaandika polepole, maana shule yangu iliishia darasa la tatu na wewe ndiye ulikuwa ukinisahihishia barua.

Ulikuwa mpole. Chai uliinywa umesimama, ukikimbilia watoto. Wewe na Mwalimu Kipkemboi mlianzisha kile chama cha kusaidia watoto wa shule kuigiza michezo ya kale, ile ya wafalme. Wengine hawakuwa hata na viatu. Mlipita nyumba kwa nyumba mkiomba nguo kuukuu, nami nikazipunguza ziwatoshe.

Kosa lilitokea hapo. Waithira, mke wa mwenyekiti wa kampuni yetu ya kununua mashamba, alikupa koti. Hukujua ni lile mumewe aliloachiwa na Mzungu aliyetuuzia shamba, lile alilovaa siku ya kugawa ploti, wajane walipokosa majina yao kwenye orodha. Halikuhitaji sindano, kwa hivyo mimi sikuliona.

Jumamosi mchana, siku ya kuigiza, ndani ya stoo ya mahindi, Jelagat wa darasa la sita akatoka amelivaa. Yeye ndiye alikuwa mfalme anayenyang'anya watu mashamba.

"Haiya! Si hiyo ni koti ya mwenyekiti?"

Mwingine akaita, "Mfalme, tuachie hata ploti ya kuzikwa!"

Stoo nzima ilicheka. Mwenyekiti alikuwa kiti cha mbele. Alipiga makofi mpaka mwisho, kisha akakwambia, "Mwalimu, wacha wacheke. Sisi tuko na wakati."

Ulifika nyumbani na lile koti mkononi. "Mama, sikujua ni yake."

Nikakwambia, "Mrudishie, umwombe msamaha. Mtu akiombwa vizuri husikia." Mimi nimezoea kuvumilia, nikadhani kila mtu yuko hivyo. Jumatatu asubuhi nililipiga pasi, ukalifunga kwa gazeti, ukapanda baiskeli.

Siku ya nne tukaitwa mtoni. Walisema uliteleza. Mwenyekiti alisema hukufika kwake, hata kivuli chako hakukiona.

Kwenye mazishi alikuja kutupa pole. Alikuwa amelivaa lile koti. Mstari wa pasi yangu ulikuwa bado kwenye mikono ya koti.

Nilimpa mkono. Sikusema kitu, kwa sababu alikuwa amemshika mtoto wako Mwihaki begani.

Mwanangu, nimenyamaza mwaka. Sasa mkeo Warigia amewapeleka watoto mbali, na mimi nimebaki peke yangu hapa kwa ploti. Yeyote aliyekuona njiani Jumatatu ile, aje aniambie. Mlango uko wazi. Siendi popote.

Unakumbukwa na mkeo Warigia. Watoto wako Mwihaki na Kinyanjui, huko waliko. Rafiki yako Kipkemboi. Jelagat na wenzake wa michezo. Na mimi mama yako, Wamucii.

Hatujakusahau hata siku moja. Leo mwenyekiti na yeye atasoma gazetini, ajue.